Wenye ulemavu kazini tumeamua kudai kwa pamoja mazingira yanayotufaa, tuanzie wapi bila kufukuzwa?

Fimbo Nyeupe

Wakuu habari za usiku. Uzi ni mrefu kidogo mnivumilie, halafu naandika kwa kusikiliza simu inavyonisomea, herufi zikiruka mtanisamehe.

Mimi ni dada mwenye uoni hafifu, jicho la kulia halioni kabisa, la kushoto linaona vivuli na rangi. Niko huduma kwa wateja kwenye kampuni moja kubwa hapa Dar, jina siweki na mnaonijua naomba msiliweke pia. Mwaka wa nne sasa. Kazi yangu ni kupokea simu, mteja analia hela imeenda namba siyo, mimi namtuliza huku natafuta muamala kwenye sistimu. Nilikuwa natumia NVDA, ile programu ya kusoma skrini, sikio moja ananiongelesha mteja sikio jingine inaniongelesha kompyuta, ukikaa jirani utadhani nimerukwa na akili ila tageti nilikuwa nafikisha kila mwezi na kuna miezi niliwapita wenye macho yao mawili.

Mwezi wa tatu wakaleta sistimu mpya. Nzuri sana wanasema wanaoiona. Mimi kila nikigusa kitu nasikia "batani, batani, batani", hakuna batani yenye jina, sijui ipi ya kurudisha hela ipi ya kufunga akaunti ya mtu. Hapo hapo watu wa aitii wakazuia flashi kwenye kompyuta zote eti usalama, na NVDA yangu nilikuwa naiendeshea kwenye flashi maana hawakuwahi kuiweka rasmi, bosi wa zamani aliniambia mama we tumia tu kimya kimya. Programu yenyewe ni ya bure, haina hata shilingi mia. Nimeomba iwekwe, jibu ni moja tu, haiko kwenye orodha. Sasa hivi jirani yangu ndo ananisomea kwa huruma zake, simu iliyokuwa inaisha dakika nne inaenda tisa, na wiki iliyopita nimepewa barua ya utendaji duni.

Nikaanza kuulizia taratibu nikakuta siko peke yangu. Kuna kaka wa kiti mwendo, HR zamani ilikuwa chini sasa imehamia ghorofa ya pili na lifti ni mbovu toka kabla ya Ramadhani, akiwa na shida anampigia mtu ashuke wakutane pale kwenye ngazi, mambo ya mshahara wake yanajadiliwa watu wakipita na vikombe vya chai. Kuna dada kiziwi wa masjala, siku ya zoezi la moto king'ora kimelia jengo zima liko nje yeye kabaki ndani anapanga mafaili mpaka mlinzi alipomkuta. Kuna mdogo wetu mwenye ualbino kakalishwa dirishani upande wa jua la mchana, kuanzia saa nane anafanya kazi kajifunika mtandio. Tumehesabiana tumefika kumi na moja.

Ila kilichonishtua zaidi ni hiki: karibu kila mmoja wetu alishawahi kupewa kitu na bosi fulani, kwa mdomo, halafu akaambiwa usiwaambie wenzio. Mimi flashi yangu. Kaka wa kiti mwendo aliruhusiwa kuingia saa tatu kwa sababu asubuhi daladala hazimchukui, makonda wanamwangalia tu. Mwingine alipunguziwa shifti za usiku. Bosi kahamishwa mkoani, kaja mpya, vyote vimekufa siku moja na hakuna mwenye karatasi.

Sasa tumeamua kuungana. Maswali yangu: tuandike barua moja au kila mtu yake? Chama cha wafanyakazi kinahusika na haya au wao ni mishahara tu? Halafu sita kati yetu mikataba yetu ni ya wakala siyo ya kampuni yenyewe, je tuna sauti?

Mzee wa Bahasha

Dada pole ila nikwambie ukweli, mshukuru Mungu mna ajira. Sisi wenye miguu na macho yote tunazunguka na bahasha mwaka wa tatu huu. Mkianza kusumbua kampuni kesho hawachukui mlemavu hata mmoja mtakuwa mmewaharibia wenzenu.

Kigoda wa Mvita

Mzee wa Bahasha wacha nikuoneshe unapokosea. Mimi niko Mombasa, nilikuwa keshia supamaketi moja kubwa, mguu wa kushoto polio ilinishika nikiwa mtoto. Shifti ni masaa tisa ya kusimama. Nikaomba kigoda kirefu tu, kile cha kuegemea makalio, si kiti cha mfalme. Meneja akasema wateja wataona wafanyikazi wavivu. Nikaomba mara ya pili, ya tatu, peke yangu, nikaanza kuitwa mlalamishi.

Basi kulikuwa na wenzangu wawili wajawazito na mama mmoja mgongo wamsumbua, yeye si mlemavu ila jioni alikuwa ashika kaunta kama mtu aliye kwenye meli. Tukaenda wanne kwa mwakilishi wa chama. Tulipokuwa wanne lile neno mlalamishi likapotea, ikawa ni suala la keshia wote. Vigoda vilikuja vitatu, vya mbao, vyatetemeka, lakini vilikuja, na mpaka naondoka pale wasio na ulemavu ndio walikuwa wakivigombania kuliko mimi.

Kwa hivyo dada, usihesabu walemavu peke yao. Hiyo sistimu mpya yawezekana yawaudhi hata wenye macho.

Halafu kwa ndugu wa huku Kenya wanaosoma, kama umeajiriwa na hujajisajili Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu wajipunja mwenyewe, ukisajiliwa kisha ukapata cheti cha KRA, mamlaka ya kodi ya huku, mshahara wako hadi 150,000 kwa mwezi haukatwi kodi ya mapato. Si mada najua lakini watu hawaambiwi.

Katibu wa Tawi

Dada yangu umeuliza vizuri, nakujibu kama mtu niliyekaa kwenye tawi miaka mingi kidogo.

Kwanza huyo wa mshukuru mna ajira. Ajira ya mtu mwenye ulemavu siyo zawadi, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya hapa Tanzania, namba 9 ya 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Shida ya hiyo asilimia ni kwamba kampuni zinahesabu vichwa. Ukishaingia kwenye hesabu wamemaliza na wewe, picha imepigwa, imewekwa kwenye ripoti, ukiomba programu ya bure haiko kwenye orodha.

Chama kinahusika tena sana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi na ulemavu umetajwa humo kwa jina. Kifungu cha 9 kinakupa haki ya kujiunga na chama. Na mkifika wanachama kumi sehemu moja ya kazi chama kina haki ya kufungua tawi hapo hapo, ninyi mko kumi na moja, sijui kama mliliona hilo. Tawi likiwa lipo tayari bora zaidi, ingieni, mdai kiti kimoja kwenye kamati. Usiniambie hamjajiunga kwa sababu ya makato maana wengi ndo jibu lao.

Kuhusu wakala, kila mmoja atoe mkataba wake asome jina la aliyesaini kama mwajiri. Kama ni wakala basi barua iende kwa wakala na nakala kampuni, msipeleke upande mmoja, la sivyo huyu atasema jengo siyo langu na yule atasema mfanyakazi siyo wangu na ninyi mko katikati kama mpira.

La mwisho na hili ni la haraka, barua yako ya utendaji duni USIICHANGANYE na barua ya pamoja. Ijibu mwenyewe wiki hii hii kwa maandishi. Andika kabla ya sistimu mpya simu zako zilikuwa dakika ngapi, baada yake ngapi, tarehe uliyoomba NVDA, uliyemwomba na alivyokujibu. Ukikaa kimya, barua ya tatu ndo inakutoa. Na ikitokea umeachishwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi unatakiwa uwe umefika ndani ya siku 30, migogoro mingine ni siku 60. Nimeona watu wana haki nyeupe kabisa wanakuja siku ya sabini, wanaanza tena kazi ya kuomba waruhusiwe kuchelewa.

Bi Masjala

Mimi niko upande wa pili wa meza, HR mwaka wa tisa, msinipige mawe.

Nawaambia siri. Bei siyo inayotutisha, kinachotutisha ni lile neno "tukimpa huyu". Ndo maana bosi anakupa kwa siri, anaogopa foleni. Kwa hiyo mkija kumi na moja na karatasi MOJA yenye orodha mmeshaimaliza hiyo hofu, foleni nzima naiona hapa, inaishia kumi na moja, naweza kuipigia hesabu.

Pili andikeni kazi kabla ya ugonjwa. Watu wananiletea faili la hospitali kurasa thelathini. Mimi sihitaji kujua jicho liliharibika lini na nani alikuroga, nahitaji kujua ukipewa nini simu inarudi dakika nne. Mambo yenu ya hospitali ni yenu, cheti kimoja cha daktari kinatosha. Kila hitaji liwekee bei mbele yake. NVDA sifuri. Kumhamisha kijana wa dirishani sifuri. Kuingia saa tatu kutoka saa kumi na mbili sifuri. Taa ya kumweka inayounganishwa na king'ora, ombeni bei kwa fundi. Lifti ndo hela, ila lifti siyo ya mlemavu, ni ya jengo, hata mkurugenzi anaichukia. Mkipanga hivyo meneja anasoma anakuta nusu ya karatasi ni sifuri, anaona aibu kukataa.

Tatu, barua ya kwanza msiweke vifungu vya sheria wala neno madai. Ukianza na kifungu barua inatoka mezani kwangu inaenda kwa mwanasheria, na mwanasheria analipwa ili aseme hapana.

Katibu wa Tawi

Bi Masjala nakuheshimu ila ukianza bila kifungu inaingia kwenye droo. Mmetuzungusha miaka na hizo barua za upole, "tunalifanyia kazi".

Bi Masjala

Droo zipo sikatai 😅 Basi wasiweke kifungu ndani, chini kabisa waandike NAKALA: Katibu wa Tawi. HR yeyote akiona mstari huo hapeleki droo. Na kaunta ya masjala igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, waondoke na nakala yao.

Ishara Makini

Mimi ni kiziwi, nafanya kazi kiwandani siyo hapo kwenu. Dada naomba nikuulize, hicho kikao mlichohesabiana kumi na moja, yule dada wa masjala alikuwepo? Nani alimtafsiria?

Nauliza kwa sababu sisi tuliwahi kuunda grupu la WhatsApp la wenye ulemavu hapa kazini, watu 14, wote vizuri. Baada ya wiki mbili grupu zima ni sauti. Mtu anarekodi dakika tatu anatuma, mwingine anajibu dakika nne, mimi nimekaa naangalia mistari ile inayopanda na kushuka. Nikiandika "jamani andikeni" wananitumia kopa. Wameenda kuonana na meneja mimi sijui ajenda, wakarudi na viti vipya na njia ya mteremko, mkalimani wa lugha ya alama hakuwepo hata kwenye orodha. Sikukasirika kwa viti, nilikasirika kwamba walisema "tumekubaliana wote".

Fimbo Nyeupe

Ishara Makini umenigusa pabaya. Kikao kilikuwa kantini, dada wa masjala alikuwepo, alikuwa anatusoma midomo na sisi tunaongea kwa mpigo na wengine tunatafuna. Na grupu letu ni sauti tupu, mwanzilishi wa sauti ni mimi maana kuandika kunanichosha. Yeye naye akawa anatuma picha za nyaraka, simu yangu inaniambia "picha" basi, sijui kama ni barua au ni maandazi. Yaani mimi na yeye tumekaa grupu moja wiki tatu hatujawahi kuelewana hata sentensi moja na kila mtu anadhani mwenzie anaringa.

Leo jioni tumekaa naye na kijana wa ualbino katikati, dada kaandika, kijana kanisomea mimi. Kumbe alishaomba mkalimani mara mbili kwa vikao vya idara akaambiwa "utapewa muhtasari". Muhtasari wenyewe hajawahi kuuona.

Mbongo Ohio

Nawasoma nikiwa Columbus, Marekani huku, ghala la mizigo, shifti ya usiku. Msidhani huku ni peponi. Sheria ipo ya 1990 na inambana mwajiri mwenye watu 15 na kuendelea, lakini kuomba ni kwenye simu, unajaza fomu, anakujibu mtu usiyemjua sura wala jina, akikataa unaanza moja. Mimi bega, nilihitaji nisinyanyue juu ya kichwa tu, ilichukua wiki saba na katikati ya hizo wiki walinikata siku ambazo nilishapewa ruhusa kwa mdomo. Kama alivyosema dada, cha mdomo hakina mwenyewe.

Kitu kimoja nilichojifunza ambacho sikukijua, huku ukidai peke yako unalindwa na sheria ya ulemavu, ila mkiwa wawili au zaidi mnadai kwa pamoja inaingia na sheria nyingine ya wafanyakazi ya 1935, inayolinda watu wanaoungana kuhusu hali ya kazi hata kama hakuna chama. Mwenzangu mmoja tu aliyekubali kuweka jina kando ya langu alibadilisha jinsi walivyonijibu barua pepe.

Na huyo kiziwi alivyoongea nimekumbuka kisa cha San Francisco cha 1977. Kulikuwa na kifungu cha 504 kwenye sheria ya 1973, kinakataza kumbagua mwenye ulemavu kwenye chochote kinachopata hela ya serikali kuu, ila kanuni zake zilikaa miaka bila kusainiwa. Mwezi wa nne watu zaidi ya mia wenye ulemavu wa kila aina wakaingia kwenye jengo la serikali wakakataa kutoka, karibu wiki nne, wengine wanahitaji kugeuzwa usiku wasipate vidonda, wasioumwa hiki wanamgeuza anayeumwa kile. Wakakatiwa simu. Unajua waliokuwa wanatoa habari nje ni nani? Viziwi, wanasimama dirishani wanaongea kwa alama na wenzao walioko chini barabarani. Black Panther, chama cha watu weusi waliokuwa wanadai haki, wakawa wanawaletea chakula cha moto. Waziri aliyehusika, Califano, alizisaini kanuni tarehe 28 Aprili. Sasa hebu fikiria wale wangemwacha kiziwi nje kwa sababu kikao ni cha kuongea.

Mzee wa Bahasha

Nimesoma yote. Nafuta kauli yangu nusu. Nusu inabaki maana bado sina kazi.

Kigoda wa Mvita

😂 Nusu twaipokea.

Fimbo Nyeupe

Mrejesho wakuu, samahani nimekaa kimya siku tisa.

Barua yangu ya utendaji nimeijibu kama Katibu alivyosema, namba tupu, sikulia humo ndani hata kidogo ingawa nilitamani. Mikataba tumeisoma, ile sita kweli ni ya wakala, kwa hiyo barua inaenda kote kuwili. Chama tisa wameshajaza fomu, wawili wanasubiri mwisho wa mwezi waone makato ya mwenzao kwanza, siwalaumu.

Barua ya pamoja ni ukurasa mmoja na nusu, mahitaji kumi na manne, nane bei yake sifuri. Mkalimani ni namba mbili kwenye orodha, kaiandika dada wa masjala mwenyewe kwa maneno yake na hatujagusa neno. Grupu sasa ni maandishi tu, na picha ukituma lazima uandike chini ni ya nini, mimi ndo nilipigwa faini ya kwanza, soda.

Ushauri wa Mombasa nao umezaa. Nilimuuliza timu lida mmoja mwenye macho yake kuhusu sistimu mpya, akatazama huku na huku akaniambia hata yeye anafuata mistari kwa kalamu maana wino wa maandishi ni wa kijivu juu ya kijivu. Sita wasio na ulemavu wameweka sahihi kwenye kipengele cha sistimu. Mtu wa aitii mmoja, sitamtaja, kanipigia nje ya muda wa kazi kuuliza hiyo NVDA inapakuliwa wapi, anataka kuijaribu kwenye kompyuta moja ya mafunzo.

Tulibishana sana nani aipeleke. Wengi walisema mimi kwa kuwa nilianzisha. Kaka wa kiti mwendo akasema hapana naipeleka mimi. Tukamkumbusha HR iko ghorofa ya pili na lifti bado. Akasema najua. Kesho saa nne anakaa na barua pale chini ya ngazi, sisi kumi tumechukua mapumziko muda huo huo, na kitabu cha kupokelea barua watashuka nacho wao.